Joto Lisilo la Kaskazi

Mwezi wa pili Tanga hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini anatoka jasho. Kaskazi inavuma, lakini upepo wenyewe umebeba unyevu wa bahari, na ikifika saa nane mchana hata ukuta wa nyumba unatoa fukuto. Kanga ya begani inafanya kazi ya taulo. Ndiyo maana mwanamke wa pwani anaweza kukaa miaka na joto la aina nyingine kabisa, mbele ya macho ya watu wote wa nyumba yake, na asitokee hata mmoja wa kumwambia kwamba hili si la kaskazi.

Joto ninalolisema huja na kusi vilevile, Julai usiku wa manane, watoto wakiwa wamejifunika shuka gubigubi. Huanzia kifuani au shingoni, likapanda usoni, jasho likafumka kwenye nywele na mgongoni, moyo ukaenda mbio. Baada ya dakika chache limekwisha, na mwili uliolowa unaanza kusikia baridi. Mama mmoja wa Ngamiani anayeuza vitumbua alfajiri nilimwona akilipokea. Alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti. Mkono ukasimama. Akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye chuma, akainamisha uso, akashika ukingo wa meza, akanyamaza. Matone yalitokea kwanza juu ya mdomo, kisha kwenye paji la uso, kisha yakawa hayana mahali maalumu. Vitumbua viliungua upande mmoja. Alipotulia alijifuta kwa ncha ya mtandio, akavitoa vile vilivyoungua akaviweka kando, akamimina unga mwingine. Mteja alikuwa anamtazama. "Moto wa jiko huu," akamwambia. Mimi aliniambia baadaye kwamba hata siku asiyokaanga linamjia.

Kabla hajaniambia alikwisha zunguka kwingi. Duka la dawa walimpima wakamwambia presha imepanda kidogo, apunguze chumvi. Jirani alimwambia ni jini, akamletea kombe, akalinywa. Bintiye alimwambia anamuwaza mno kijana wake aliyeko Muscat. Sioni sababu ya kumbeza yeyote kati yao. Presha ilikuwa imepanda kweli. Kombe lilimpa utulivu wa siku mbili tatu, na mtu aliyenyimwa usingizi hadharau usiku mmoja wa kulala. Kijana naye yuko mbali kweli. Lakini katika wote hao hakuna aliyemuuliza ana umri gani, wala siku zake alizipata lini mara ya mwisho.

Moyo ukienda mbio, mtu hutafuta anachokiogopa. Ndivyo tulivyozoea tangu utotoni: mwalimu kaingia na fimbo, moyo ukadunda. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, alieleza vizuri jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, na jinsi tezi zilizokaa juu ya figo zinavyomwaga adrenalini. Maelezo yake yamepata umaarufu hata yakafunika kazi nyingine ya neva zinazouandaa mwili hivyo, ambayo ni kubwa zaidi na haina kelele. Mfumo wa neva wa simpathetiki haukai bure ukisubiri simba. Mtu akiinuka kutoka sijda, damu hutaka kuteremkia miguuni. Kabla hajasimama wima, vihisio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua vimekwisha peleka habari kwenye shina la ubongo, na kikundi kidogo cha seli pale kimekwisha agiza mishipa ya damu ijibane. Agizo hushuka kwenye uti wa mgongo, likatokea kwenye neva za sehemu ya kifua na kiuno, likafika moyoni, kwenye figo, kwenye mishipa ya misuli, kwenye tezi za jasho. Likichelewa, mtu anaona kiza na kuyumba. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana, na mwenye mwili hana habari nayo.

Seli hizo za ubongo hazipokei habari kutoka kwa neva peke yake. Zinapokea na kutoka kwenye damu, na hapo ndipo homoni zinapoingia. Ubongo umezungushiwa kizuizi kinachochuja vitu vingi visipite, ila kizuizi hicho kina sehemu chache ndogo ambako mishipa ya damu imeachwa wazi. Angiotensini, homoni inayotokana na kazi ya figo, hupitia hapo ikauambia ubongo uongeze msukumo wa neva. Estrojeni haihitaji upenyo wowote. Huyeyuka katika mafuta ya kuta za seli, kwa hiyo huingia kila mahali, na vipokezi vyake viko kwenye haipothalamasi na kwenye shina la ubongo, palepale panapoamuliwa neva zivute au zilegee. Katika miaka yote ya uzazi estrojeni huwa inazipoza neva hizo. Projesteroni ina mambo yake: yai likishatoka, joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 na msukumo wa neva huongezeka kidogo, hadi hedhi itakapofika. Kila mwezi, basi, mwanamke huishi na mizani inayosogea, na ubongo wake umezoea kuifuata.

Haya si ya kukisia. Katikati ya miaka ya 1960, mjini Uppsala nchini Sweden, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo walianza kuchoma sindano nyembamba mno ndani ya neva za mikono yao wenyewe, wakaunganisha na spika, wakasikiliza. Nawaheshimu kwa hilo. Neva ya mtu aliye hai, aliyekaa macho na kuzungumza, iliweza kusikika ikifanya kazi. Njia hiyo ndiyo iliyotumika baadaye, sindano ikiwekwa pembeni ya goti, kuhesabu mara ngapi kwa dakika ubongo unatuma agizo kwenye mishipa ya misuli. Wanawake vijana walionekana kuwa na maagizo machache kuliko wanaume wa rika lao. Kuanzia miaka 50 hivi, idadi kwa wanawake hupanda kwa kasi kuliko kwa wanaume. Watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, wakagundua jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: kwa mwanamke kijana, hata agizo likiwa kali, mishipa yake haibani sana, kwa kuwa noradrenalini ile ile inayoibana hugusa pia vipokezi vingine vinavyoilegeza. Baada ya ukomo wa hedhi, estrojeni ikishapungua, kinga hiyo hupotea. Maagizo yameongezeka, na kilichokuwa kikiyapunguza makali kimeondoka, yote mawili katika umri mmoja.

Na joto? Robert Freedman, aliyefanya utafiti wake Detroit, alipima jambo ambalo linaonekana dogo. Mwili una kiwango cha joto la ndani kinachoanzisha jasho, na kingine cha chini kinachoanzisha kutetemeka. Kwa wanawake waliopita ukomo wa hedhi lakini hawapati joto la ghafla, alikuta nafasi kati ya viwango hivyo viwili ni kama nyuzi 0.4. Kwa wanaolipata, nafasi hiyo ilikaribia sifuri. Anayeujua mlango wa mto Pangani maji yanapokupwa atanielewa: dau linapita palepale lilipopita alfajiri, nahodha ni yuleyule, mzigo ni uleule, lakini sasa linakwaruza mchanga. Mwili wa mwanamke haukupata joto jipya. Kilichopungua ni nafasi ya kupita. Kikombe cha chai, mgeni kubisha hodi, hatua chache kutoka kivulini hadi juani, joto la ndani likipanda kidogo tu limegonga, na haipothalamasi inafanya kile ambacho ingefanya kama mtu anaungua: inafungua mishipa ya ngozi na kuziamsha neva za jasho. Freedman aliweza kulileta joto hilo kwa kuwawekea wanawake pedi za moto mwilini. Niliposoma hivyo nilimfikiria mama wa vitumbua, ambaye hupata moto wa aina hiyo kila alfajiri, mbele ya chuma chake, na mwezi wa pili anapata na ule wa hewa.

Mwaka 1990 Naomi Rance na wenzake walichunguza ubongo wa wanawake waliofariki, wakakuta kwamba kwa waliopita ukomo wa hedhi, seli za sehemu moja ya haipothalamasi zilikuwa zimetanuka. Zilikuwa seli zenye vipokezi vya estrojeni, ambazo sasa zimekosa wa kuzizuia. Baadaye ikajulikana kwamba seli hizo hutoa kemikali iitwayo neurokinini B, na kwamba wanawake waliodungwa kemikali hiyo kabla ya kukoma hedhi walipatwa na joto lilelile. Mwezi Mei 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina yake inayoizuia, fezolinetant. Njia ya kutoka kwenye seli zilizotanuka hadi kwenye dawa ilichukua zaidi ya miaka 30.

Kuna dawa nyingine, ya zamani na ya bei ndogo, ambayo inanifundisha zaidi. Klonidini imetumika kutibu shinikizo la damu tangu miaka ya 1960. Inafanya kazi ubongoni kwa kupunguza msukumo wa simpathetiki. Freedman alipowapa wanawake wanaopata joto hilo klonidini, nafasi yao ya kupita ilipanuka, na joto likawa gumu kuja. Si ya kununua kwa kusikia, kwani anayeiacha ghafla anaweza kupandishwa presha kuliko alivyokuwa mwanzo. Lakini dawa moja kuweza kugusa presha na joto inaonyesha kwamba muuza dawa aliyesema presha, na mama aliyesema joto, walikuwa wakitazama kazi ya neva za ukoo mmoja. Tofauti zipo: joto linapokuja, neva za ngozi huamka huku zile za misuli zikipungua, na wako wanawake ambao presha yao hushuka kidogo kwa dakika hizo. Ubongo hauamuru kila kitu kwa pamoja. Ila homoni iliyokuwa inaushika mkono imeondoka, na matokeo yake yanaonekana huku usiku mmoja na kule kwa miaka mingi.

Miaka hiyo mingi ndiyo inayonitia wasiwasi. Joto halimuui mtu. Kiharusi kinaua, na asiyekufa hubaki amelala kitanda cha kamba upande mmoja umekufa ganzi, akilishwa uji na wajukuu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta kwamba kwa kila watu 100,000, baada ya kusawazisha umri, kiharusi kipya kwa mwaka kilikuwa kama 109 Hai na 316 Dar es Salaam. Hiyo ya Dar ni kati ya takwimu za juu zilizopata kuandikwa duniani kwa wakati ule. Sababu ni nyingi, na presha isiyotibiwa iko mbele. Mwanamke ambaye kwa miaka 30 alikuwa na presha ya chini kuliko mumewe hana mazoea ya kupimwa. Akipimwa mara moja ikaonekana nzuri, anaishika kauli hiyo miaka kumi, na ndani ya miaka kumi hiyo mizani imekwisha geuka.

Na mafuta ya tumboni yanaingia humo humo. Baada ya ukomo wa hedhi mafuta huhama kutoka mapajani na nyongani, yakakusanyika tumboni. Mafuta si mzigo tu. Yanatoa leptini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake, ambayo huenda hadi haipothalamasi kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Ubongo, ukishapata habari hiyo, huongeza msukumo wa neva zinazokwenda kwenye figo. Figo huzuia chumvi na maji, na hutoa renini inayozaa angiotensini, na angiotensini, kama nilivyotangulia kusema, hurudi kuuchochea ubongo ule ule. Huo ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Sisi wa pwani tunampongeza mtu mzima kwa kunawiri, na mimi sitaki tumwaibishe mwanamke kwa mwili wake. Nataka ajue tu kwamba huko tumboni kuna kinachozungumza na ubongo wake.

Pwani hii ina elimu ya mwili wa mwanamke iliyokamilika kuliko tunavyoitambua. Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasegeju, kila mmoja kwa namna yake, walikuwa na wa kumweka mwali ndani na kumfunda: damu ni nini, ajistiri vipi, ale nini, aseme nini na nani. Akijifungua, kulikuwa na siku arobaini, maji ya moto ya kukandwa, uji wa pilipili manga, tumbo la kufungwa kwa kanga, na mtu mzima wa kukaa naye asiachwe peke yake. Mtu anaweza kubishana na sehemu ya mafundisho hayo, nami ninabishana na baadhi. Ila hayakumwacha binti aingie mlangoni gizani. Sasa mtazame huyohuyo akifika miaka 50, damu inakata, usingizi unakata, moyo unadunda saa tisa usiku. Nani anamweka ndani? Nani anakaa naye? Watafiti nchini Marekani waliofuatilia wanawake tangu 1996 walikuta kwamba kwa wanaopata joto hili mara kwa mara, hudumu kwa wastani wa miaka 7.4, na kwa wanawake weusi waliokuwamo katika utafiti huo, miaka 10.1. Miaka kumi bila somo wala kungwi.

Mkoa wetu si mgeni wa utafiti. Amani, huko milimani Usambara Mashariki, kuna taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na damu ya wajawazito wa Muheza na Korogwe imechunguzwa kwa ajili ya malaria hata dunia nzima ikafaidika. Mwanamke yule yule, aliyetoa damu yake akiwa na mimba, anastahili kufuatwa akishamaliza kuzaa. Hasa kama aliwahi kupata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito. Timu ya Ujerumani ilionyesha mwaka 1996, kwa sindano zile zile za Uppsala, kwamba neva za simpathetiki za wajawazito wenye dalili za awali za kifafa cha mimba zilikuwa na kasi kubwa mno, na baada ya kujifungua zikatulia. Zilitulia, lakini wanawake waliopitia hali hiyo wana hatari kubwa zaidi ya presha katika miaka ya mbele. Swali moja kliniki, "Mama, mimba zako ziliwahi kukupandisha presha?", lina thamani kuliko vipimo vingi vya bei kubwa.

Nilikwenda Pangani kumsalimu bibi mmoja aliyekuwa kungwi, ambaye bado mabinti wa kule hupelekwa kwake kabla ya harusi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, kaa upande wa upepo." Nikamweleza haya, taratibu, bila majina ya kizungu. Alisikiliza huku anachambua mchele, na nilipofika kwenye nafasi iliyopungua, mkono wake ukatulia juu ya ungo.

"Mimi nililala chini kwenye saruji," akasema, "masika mpaka masika. Mume wangu, Mungu amrehemu, akadhani nimemchukia. Na mimi nilidhani labda nimemchukia kweli, maana akinigusa tu nawaka."

Akaniuliza vitu vingi, na kwa mpangilio mzuri kuliko wa madaktari wengi. Huanza lini? Nikamwambia mara nyingi kabla damu haijakata kabisa. Anayekunywa dawa za presha asiache? Asiache hata kidogo. Kombe je? Anywe, ila apimwe pia, na kama moyo unamwenda mbio pamoja na maumivu ya kifua au kupungukiwa pumzi aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri. Mume aambiwe? Aambiwe, tena mapema. Akasema hilo la mume atalisema yeye, anajua pa kuliingizia.

Kisha akanyanyua ungo, akapepeta mara mbili tatu, akauliza, "Na wanaume hawapati?"

Nikamwambia wanapata baadhi. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume akitibiwa kwa kukatiwa homoni yake ya kiume, kwa sindano au kwa upasuaji, wengi wao hupatwa na joto lilelile, jasho lilelile, usiku ule ule, kwa kuwa haipothalamasi yake nayo imenyang'anywa kilichokuwa kinaishika. Zipo dawa za kupunguza, akimwambia daktari wake.

Akaweka ungo chini. Ana kaka yake ng'ambo ya mto, Bweni, aliyetibiwa maradhi hayo mwaka juzi, na tangu hapo analala barazani na hataki kuulizwa. Wanawe wamekwisha mletea mganga. Akamwita mjukuu alete kalamu na daftari la shule, akalifungua ukurasa wa nyuma, akanisukumia. "Andika," akasema, "aende nayo kliniki Jumatatu. Andika kwa herufi kubwa, macho yake hayaoni vizuri."